Piano Isiyokuwa na Kitufe

Nawasalimu nyote, wa viti vya mbele na nyinyi mliokimbilia nyuma karibu na mlango. Nimeombwa niseme jinsi nilivyofika kwenye kazi ninayofanya sasa. Nimeandika kwenye karatasi, maana nikisimama hivi hivi nitaanza kujiuliza kama nimesimama vizuri, na chai itapoa. Majina sitayataja. Wenyewe watajijua.

Mnajua nimepiga kinanda katika kanisa hili tangu nikiwa darasa la saba. Kuna jambo hamkulijua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: miaka hiyo yote nilijua ki moja tu.

Kwa wasio wanamuziki, ki ni mahali wimbo unapokaa, juu au chini. Mama wa kwaya akianzisha pambio hapa, huanzia anapotaka, hamuulizi mtu. Sasa kinanda chetu kina kitufe tunachokiita transpozi. Unapapasa kwa kidole kimoja mpaka umpate mama alipo, unabonyeza kitufe mara mbili tatu, halafu unapiga vilevile ulivyozoea. Mashine inakuhamisha. Wapigaji wengi wa huku tulijifunza hivyo, kila mmoja akimwibia mwenzake kwa macho. Nyinyi mlikuwa mkisema, "Huyu kijana ana kipawa," nami naitikia amina huku kidole kiko kwenye kitufe.

Nilienda chuo kikuu kusomea udongo, kwa sababu nyumbani ni hapa Mau Narok na baba analima viazi. Huko, mwenzangu wa chumba alinisikilizisha jazi kwenye simu yake. Mpiga piano alichukua kawimbo kadogo, ka kuimba ukiosha vyombo, akakafungua polepole, na ndani yake kukawa na huzuni na kicheko ambavyo sikujua vilikuwamo. Nilikaa chini sakafuni. Kuanzia siku hiyo sikutaka kazi nyingine.

Nilipohitimu nilimwambia baba. Akasema, "Mtu anasomea udongo ili apige piano?" Nikamwomba mwaka mmoja. Akasema, "Mwaka mmoja. Ukiisha, unaenda Naivasha kuomba kazi kwenye mashamba ya maua kama wenzako." Tulikubaliana hivyo.

Nikaanza kujirekodi hapa kanisani na kuwatumia wenye bendi video. Mwezi wa nne wa mwaka huo wa baba, mzee mmoja anayeongoza bendi ya jazi aliniita. Wao hupiga kila Jumamosi mchana katika hoteli iliyo kando ya Ziwa Naivasha, na mpiga piano wao alikuwa anahama. Alisema nikiweza Jumamosi hiyo, nafasi ni yangu.

Nilifika mapema, saa mbili nzima kabla ya wakati. Nikakuta piano ya kweli: ya mbao, nyeusi, kubwa kama ng'ombe amelala. Sikuwahi kuikaribia piano ya namna hiyo. Nikakaa, nikapapasa upande wa kushoto, nikapapasa upande wa kulia. Nikainama kuangalia chini. Msicheke, nilidhani kitufe kimefichwa.

Mwimbaji akasema, "Tunaanzia ki ya E flat." Mzee akahesabu moja, mbili. Nami nikaanza palepale ninapopajua. Wao wako kwao, mimi niko kwangu. Wageni waliweka uma chini. Mzee akaniinamia huku anapiga gitaa la besi, akauliza kwa upole kabisa, "Boss, uko wapi? Sisi tuko huku."

Nilitoa mikono. Walipopumzika nilipitia jikoni, nikatoka nje, nikatembea hadi barabarani.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuhesabu makosa yangu mchana kutwa. Nilirudi Mau Narok nikawa nachagua viazi na baba, vikubwa huku, vidogo kule, na kila kiazi naona sura ya mgeni mmoja wa hoteli.  Na sasa natubu mbele yenu. Mliambiwa waya wa kinanda umeungua, mkaimba bila kinanda Jumapili sita. Haukuungua. Ulikuwa kwenye begi langu.

Kuna mama mmoja wa kwaya hapa. Alinipigia simu kuhusu mazoezi, na sijui kwa nini, nikamwambia yote. Kitufe, hoteli, waya. Nilingoja kukemewa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwani wewe ulifikiri sisi hatujui? Nikianza wimbo, nakusikia ukinitafuta kama kuku aliyepotea."

"Mathe, mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unatufikia. Sasa umeitwa mahali ambapo hutafika hivyo. Lete waya. Jumanne tukimaliza mkutano wa akina mama, utakuja."

Jumanne hiyo nilimkuta na wenzake wawili. Alitoa plasta kwenye mkoba, ya kufunga kidonda, akaibandika juu ya kitufe. Kisha akaimba pambio moja fupi, mnalijua nyote. Nilimtafuta, nikampata, nikapiga kwa shida. Alipomaliza akalianza tena, juu kidogo. Tena, chini zaidi. Mimi mwenye digrii nilikuwa natokwa jasho, wao wanasuka vikapu na kuimba. Nikikosea, mmoja anasema, "Tunangoja," bila kuinua macho. Tulifanya hivyo kila Jumanne na Alhamisi, miezi mingi. Nyumbani nilichora vibonyezo vya kinanda kwenye kadibodi nikawa naendelea mezani.

Sasa nisikilizeni, maana hili silielewi mpaka leo. Alhamisi moja mvua ilikuwa inapiga mabati, hata mama simsikii vizuri. Akaanzisha pambio lile. Nikagundua tumefika katikati na sijamtafuta. Vidole vilikuwa vimeshamfuata, karibu vyote juu ya vibonyezo vyeusi, mahali nilipokuwa napaogopa kuliko kote. Mkono wa kushoto ukaweka sauti ambayo hakuna aliyenifundisha, ya jazi, chini ya pambio la watoto wa Sunday school. Nilishikwa na hofu, lakini hofu nzuri, kama mtu aliyeishi nyumba moja maisha yake yote kisha siku moja akafungua mlango na kukuta ukumbi. Akina mama waliacha kusuka. Mmoja akaniuliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikaitazama mikono yangu. Akasema, "Rudia, basi."

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kati ya ule mwaka wa baba. Nilirudi hotelini, ambako nafasi ilikuwa bado haijapata mtu, nikamwambia mzee wa bendi ukweli wote. Akasema, "Wengine huniambia piano ilikuwa mbovu. Keti." Akataja ki, tukaanza. Tulipofika katikati akapanda juu bila kuniambia, akinitazama. Nikapanda naye. Akashuka, nikashuka. Alitabasamu akasema, "Jumamosi njoo na shati jeupe."

Jumamosi ya mwisho ya mwaka ule, baba alikuja. Aliketi na soda yake akiwa amevaa koti la kwenda harusini, hakutikisa hata kichwa. Tulipomaliza alikuja akaizunguka piano mara moja, akaangalia nyuma yake, akaniuliza, "Ni wewe peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani mko wawili." Kisha akasema, "Naivasha si umeshafika. Kaa."

Huu ni mwezi wangu wa kumi kazini. Namshukuru Mungu. Nawashukuru wale akina mama watatu, ambao wamenikataza kuwataja na sasa hivi wanajifanya wanatafuta kitu mikobani. Namshukuru mzee wa bendi, na baba aliyetimiza neno lake. Nanyi mnisamehe zile Jumapili sita.

Kama kuna kijana hapa anayesifiwa kwa kitu ambacho moyoni anajua hakijui, mimi sitamwambia asiogope, maana mimi bado naogopa kila Jumamosi. Nitamwambia amtafute mtu mmoja amwambie, leo, kabla ya chakula. Huenda huyo mtu alishajua zamani, anangoja tu aombwe.

Na siku mtakaponisikia nimekosea wimbo, jueni nimekosea kwa vidole vyangu mwenyewe. Hata hilo nalitolea shukrani.