Fito Sita za Aimo

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, mliofika kwa ajili ya Aimo na mliofika kwa ajili ya mikate ya iliki, Mchungaji wetu, wananchi wa Koskiniva, na wewe Aimo Niskakangas, uliyekaa karibu na mlango ukidhani sikuoni: habari za mchana.

Nimeombwa nimuage mtu anayestaafu leo baada ya kusukuma theluji ya mji huu miaka thelathini na nane. Meya ameniambia, "Mama Raili, dakika tano tu, na tafadhali usitaje kichwa." Mheshimiwa, nitataja kichwa.

Nani hapa hajui kisa cha kichwa? Baraza letu, nikiwa mwenyekiti, lilimtengenezea mfanyabiashara Herman Brusila, mwasisi wa mji, sanamu ya shaba. Kwa kubana matumizi tukamkalisha kwenye benchi, kimo chake halisi, naye hakuwa mrefu. Tukamzindua Novemba. Januari, baada ya theluji ya siku tatu kumfunika, Aimo akapita uwanjani na gari lake la kusukuma theluji, na kichwa cha mwasisi kikaondoka na theluji kwenda dampo. Tulikipata Juni, theluji ilipoyeyuka, kunguru amekikalia. Fundi akakirudisha, akakosea kidogo, ndiyo maana tangu siku hiyo mzee Brusila halitazami kanisa, analitazama duka la pombe. Wanaomjua kupitia barua zake wanasema sasa ndipo amefanana na nafsi yake.

Tulicheka sana. Aimo hakucheka. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa katikati ya mji, akapelekwa mitaa ya pembeni. Watoto wakamwita Mkata Vichwa. Mkewe, marehemu Sirkka, akaacha kuja kunywa kahawa kanisani, na hakurudi tena.

Sasa niwaulize, enyi watu wa theluji: ni nani kati yenu angeacha kitu uwanjani wakati wa baridi bila kukichomekea fito za kuonyesha kilipo chini ya theluji? Hata bibi yangu, aliyekuwa haoni, alichomekea fito kisima chake kila Oktoba. Je, Aimo ndiye angesahau?

Hakusahau. Alichomeka fito sita, zenye vichwa vyekundu, kulizunguka benchi lile. Siku ya uzinduzi mpiga picha akaniambia, "Mwenyekiti, hivi vijiti vinaharibu picha." Nikaving'oa mwenyewe, kwa mikono hii, nikavitia kwenye buti la gari langu nikisema nitavirudisha baada ya kahawa. Kahawa ilikuwa nzuri. Nilisahau.

Msigune, sijamaliza. Januari, kichwa kilipoondoka, nilikumbuka. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, nikaogopa, nikanyamaza. Barua ile ya onyo niliisaini mimi. Naona aibu, na nilipaswa kuiona miaka kumi na tisa iliyopita.

Mmoja wa mitaa ile ya pembeni aliyohamishiwa Aimo ni wangu. Majirani mtanishuhudia: kila asubuhi ya theluji, mageti yote ya mtaa yalikuwa safi, yameparuzwa vizuri, isipokuwa langu. Mbele ya geti langu kulikuwa na kilima kinachofika kiunoni. Nililalamika ofisini mara saba. Mara ya nane nikamsimamisha barabarani.

"Aimo, kwa nini mimi tu?"

Akashusha kioo kidogo. "Theluji lazima iwekwe mahali, Bi. Mwenyekiti."

"Lakini kwangu kila siku?"

"Gari lako lina buti kubwa. Libebe na theluji."

Akapandisha kioo. Hapo nikajua kwamba aliniona siku ile. Alijua miaka yote, na hakumwambia mtu, kwa sababu nani angemwamini dereva dhidi ya mwenyekiti? Nami nilichukua koleo kila asubuhi, nikachimba, na kusema kweli ndiyo adhabu pekee niliyowahi kupewa.

Mheshimiwa Meya, haya ni maelezo yangu, nimeyasaini. Yaweke kwenye faili la Aimo, na ile barua ya onyo ichanwe leo, hapa, mbele ya hawa waliocheka. Usitazame saa, Mheshimiwa. Chana.

Aimo, fito zako hizi hapa. Ni tano, ya sita imeshikilia nyanya zangu, nitakuletea. Sirkka siwezi kumwomba radhi tena. Wewe nakuomba.

Na yeyote atakayerithi gari lako, mwelekeze geti langu liko wapi. Kilima kile asiniondolee mpaka wewe utakaposema inatosha.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Kahawa iko tayari, na leo wa kwanza kumiminiwa ni Aimo.