Mwaka wa Bi Mwanamkasi na Krismasi ya Bi Apolonia

Mgeni rasmi, viongozi wa tawi, wazee wetu, na nyinyi watoto mliovaa nguo mpya ambazo tunajua hazitafika jioni zikiwa safi: asalaam aleikum, na kwa wenzetu wa salamu nyengine, hamjambo.

KARIBU UANI KWETU

Sisi wakaazi wa Jumba la Pili tunafurahi kukuona kwetu leo, Idd pili, mwaka 1971. Umekuta mikeka imetandikwa na tambi zinapoa, na waliozipika si Waislamu peke yao. Huenda unajiuliza imekuwaje. Tunaomba utuvumilie tukueleze, kwani ombi letu halitaeleweka bila ya habari hii. Habari yenyewe ni ya Bi Mwanamkasi Mcha, yule aliyekaa mbele na mguu kaunyoosha, naye ameturuhusu tuisome mbele yake.

TULIKOTOKA

Kabla ya kupewa nyumba hizi mwaka jana, hatukuwa tukijuana. Wengine walitoka katika vibanda vya Ng'ambo vilivyovunjwa kupisha ujenzi, wengine Bububu, wengine Tumbatu. Tulipata umeme, maji ya bomba na sakafu ya saruji, nasi tunashukuru kwa dhati. Lakini kila aliyepanda ngazi alifunga mlango wake. Ulimsikia jirani akitwanga juu ya kichwa chako na jina lake hulijui.

Bi Mwanamkasi alipewa ghorofa ya tatu. Ni mzaliwa wa Makunduchi, mumewe ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe ni baharia, haonekani mara kwa mara. Mlango uliotazamana na wake ulikuwa wa Bi Apolonia, nesi, Mkristo, ambaye wazee wake walitoka Masasi. Ilipofika Krismasi ya kwanza, Bi Apolonia alimpelekea jirani yake sahani ya wali na kuku. Bi Mwanamkasi aliipokea kwa mikono miwili, akafunga mlango, akakaa akiitazama. Hakujua kuku yule kachinjwa na nani, na aliona haya kuuliza. Mwishowe aliifunika kama ilivyokuja, akairudisha. Bi Apolonia akaipokea, akafunga mlango. Tangu siku ile, wakikutana ngazini, kila mmoja alitazama ukuta wa upande wake.

SIKU YA MWAKA

Mgeni rasmi, unaijua sikukuu ya watu wa Makunduchi, Mwaka Kogwa, inayofanywa kila Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili vinyongo vya mwaka viishie pale, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, na kila nyumba hutakiwa iwe na mgeni. Nyumba ikikosa mgeni siku ile, mwenyewe hubaki na unyonge usiomtoka upesi.

Mwaka huu Bi Mwanamkasi aliteguka mguu, akashindwa kusafiri. Tangu azaliwe hakuwahi kuikosa Makunduchi siku hiyo. Alipika pweza wa nazi, wali wa mchele kidogo aliobahatika kuupata, na muhogo wa kujazia sinia. Akatandika mkeka, akauacha mlango wazi. Watu walipita wakienda makazini. Walichungulia, wakaona haya, wakashuka. Ametusimulia kwamba kila viatu vilipopita, moyo wake ulishuka ngazi pamoja navyo, mpaka akaanza kufikiri kuwa kwao ni kule tu, na hapa kapewa pa kulala.

Ndipo alipopanda Bi Apolonia, anatoka zamu ya usiku, viatu kavishika mkononi kwa miguu kuvimba. Bi Mwanamkasi aliinuka kwa taabu, akajishika mlangoni.

"Bi Apolonia, karibu ndani," alisema.

Jirani alisimama na ufunguo wake. Alijibu kwamba amechoka na anataka kulala. Kisha akalitoa lililokuwa moyoni.

"Na mimi sahani yangu ulinirudishia."

"Nilikurudishia. Sikujua kuku kachinja nani, nkaona haya kukuuliza. Lau ningekuuliza ungenambia, tusingefika huku. Leo nyumba yangu haina mgeni, na mimi mguu huu haunifikishi popote."

Bi Apolonia alimtazama, akautazama mguu uliofungwa kitambaa. Ni nesi, akauliza kwanza nani kaufunga vibaya vile. Halafu akaviweka viatu vyake kizingitini, akaingia.

Aliufunga mguu upya. Akala. Akala tena, kwani hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, na kabla hajanawa vizuri usingizi ukamchukua pale pale mkekani. Bi Mwanamkasi alifunga dirisha jua lisimpige, akamtilia mto kichwani, akakaa karibu yake akimpepea. Anasema hajapata kuwa na mgeni aliyempa raha kama yule aliyelala akikoroma.

Alipozinduka, Bi Apolonia aliuliza jambo moja tu: Krismasi ijayo amwite nani amchinjie kuku, jirani yake apate kula? Wakakubaliana kumwita Mzee Machano wa ghorofa ya chini, Mtumbatu ambaye kila mtu anakiamini kisu chake.

YALIYOTUPATA BAADA YA HAPO

Habari ilishuka ngazi upesi kuliko watu. Alasiri Mzee Machano alileta mashina ya migomba, na wanaume wakateremka uani. Bi Mwanamkasi alibebwa juu ya kiti ili aimbe, naye aliimba mambo ambayo risala hii haiwezi kuyarudia.

Hapo ndipo askari wa doria walipopita, wakadhani watu wanauana. Aliyekwenda kuwaeleza ni Bwana Kantilal, fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, ambaye ni Mhindu. Aliwaambia kwa upole kwamba hii ni sikukuu, hakuna ugomvi. Askari walipata tabu kumwamini, kwa sababu walimwona kwa macho yao kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipiga kwa nguvu kuliko wote.

Hakuna aliyekamatwa. Lakini lilikuja agizo kwamba watu wasikusanyike uani bila ya kibali. Mgeni rasmi, tumelitii. Mwezi uliopita ilipofika Diwali, Bwana Kantilal alimpa kila jirani kijitaa cha udongo chenye mafuta na utambi. Hatukukusanyika. Kila mtu alisimama mlangoni kwake na taa yake, ngazi nzima kutoka chini hadi juu ikawaka, na mtoto wa Bi Apolonia akauliza kwa nini haiwi hivi kila siku.

MATATIZO NA OMBI LETU

Maji hayapandi ghorofa ya tatu wakati wa mchana, na mlango wa nyuma umeoza. Hayo tutayaleta siku nyengine. Leo tuna ombi moja.

Kibali cha kukaa hapa uani kinakwisha jioni ya leo. Krismasi ni mwezi ujao. Tunaomba tupewe ruhusa ya kuutumia ua huu kila sikukuu ya kila mmoja wetu, bila ya kupeleka maombi upya.

Tulipokutana kuiandaa risala hii, Bi Mwanamkasi alisema kwamba pengine tunaomba mengi. Alitaka tuandike kuwa Mwaka wake uachwe, kwani ndio ulioleta askari, ili Bi Apolonia aipate Krismasi yake. Bi Apolonia alisimama akasema kwamba kwa masharti hayo yeye haitaki. Hapakuwa na kelele. Wote wawili walikuwa wakilia, na sisi tukajifanya tunatazama kwengine.

Sisi wenzake tulikataa kuliandika ombi lile. Bi Mwanamkasi alishikilia kwamba ni lake na ni lazima lisomwe. Basi limesomwa, Mgeni rasmi. Na sisi sote tulio mbele yako tunakuomba ulikatae.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, akurejeshe kwa watu wako salama, na aitie baraka kalamu yako. Idd Mubarak. Tambi zisipoe zaidi, karibu ule.

Ni sisi,
Wakaazi wa Jumba la Pili, Ng'ambo, Unguja.
Imesomwa kwa niaba yao na Shaame Duni.