Msusi Vidole na Uso wa Vidonge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una chungu jikoni, punguza moto, maana habari ya leo inataka sikio zima.

Palikuwa na uvumi. Ulianzia bombani, ukapita kwa muuza mkaa, ukaja kubisha hodi kwa mama mwenyewe: ukisukwa na yule dada, unaondoka na homa ya ini kichwani. Mara ya kwanza mama aliusikia akacheka. Mara ya pili hakucheka. Baadaye akawa anausikia hata pasipokuwa na anayeusema. Akiosha vyombo, anausikia. Akipiga magoti kusali, anausikia.

Huyo dada ni binti yake. Mtaani walimwita Vidole, kwa jinsi alivyosuka. Nywele zilikuwa zinamtii. Mama naye akaitwa Mama Vidole, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Leo tunamkumbuka Vidole, msusi, aliyeishi na ugonjwa wa ini na akafa nao. Mama yake ndiye aliyetuandikia. Ameomba tusifiche kitu.

Ilianza na uchovu. Vidole alikuwa anasuka ameketi, yeye aliyezoea kusimama kutwa. Kisha macho yakawa ya njano. Hospitali walipima damu, wakamchoma sindano ubavuni, wakatoa kipande kidogo cha ini wakakichunguze. Majibu yalipotoka, daktari alieleza polepole. Kinga ya mwili, ile inayotulinda na maradhi, imemgeuka mwenye mwili. Inalishambulia ini lake. Zipo homa za ini zinazoambukiza, akasema, hii siyo. Narudia, wasikilizaji: hii haiambukizi. Si kwa kikombe, si kwa jasho, si kwa kitana.

"Daktari, mwanangu ataishi?" mama akauliza.

Daktari akavua miwani. "Mama, nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya. Wapo wanaomeza vidonge hivi vya kuituliza kinga mpaka wakalea wajukuu. Wapo ambao ini linachoka mapema. Tutapima damu, tutaangalia, tutapima tena."

"Kwa hiyo mimi ni wa kuangaliwa tu, kama maziwa jikoni," Vidole akasema.

Daktari akacheka. Mama hakuweza.

Vidonge vilifanya kazi. Macho yakarudi meupe. Lakini vidonge hivyo vina tabia yao: vinajaza uso. Mashavu ya Vidole yakavimba, shingo ikazama. Na kazi ya ususi, wasikilizaji, ni kazi ya kioo. Mwalimu anaweza kusahau sura yake mpaka jioni. Msusi hawezi. Kutwa nzima anasimama nyuma ya kichwa cha mtu, mbele ana uso wake mwenyewe.

Wateja wakaanza kupungua. Mmoja akasema ana mafua. Mwingine akasema mume wake siku hizi anapenda nywele fupi. Vidole akanunua kikombe chake peke yake, akakitundika kwenye msumari. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama alipokiona, alikitungua, akamimina chai, akanywa mlango ukiwa wazi ili wapita njia wamwone.

Halafu mama akabuni ujanja. Kila asubuhi alikwenda saluni akakaa kwenye kiti.

"Mama, nywele zenyewe hizi za kuokoteza, nitasuka nini?"

"Suka hizo hizo. Kiti kisikae wazi."

Jioni wanarudi nyumbani, zinafumuliwa. Asubuhi zinasukwa tena. Ngozi ya kichwa ikawa inawaka moto, mama anatabasamu kwenye kioo.

Muuza mitumba, mwanamke mwenye meza yake ng'ambo ya barabara, akawa anapiga kelele: "Mama Vidole, leo tena? Hizo nywele zitahama, shauri yako."

"Pita na wewe basi, dada," Vidole akamjibu. "Leo nakusuka bure."

"Ahsante, mdogo wangu. Kichwa kinaniuma."

Siku moja majibu ya damu yakaja mazuri. Daktari akasema damu imetulia, endelea vilevile, tutakuja kupunguza kidogo kidogo. Vidole akasikia lile neno la kwanza, yaliyofuata akayaacha palepale mlangoni kwa daktari. Akaacha vidonge. Hakumwambia mtu. Alikuwa akivitupa kwenye pipa la saluni, chini ya nywele zilizokatika.

Uso ukapungua. Shingo ikaonekana. Na wa kwanza kuvuka barabara alikuwa muuza mitumba.

"Ehe, sasa huyu ndiye Vidole ninayemjua. Umepona, mdogo wangu. Hata macho yamekuwa makubwa."

Akaketi. Mtaa ukamwona ameketi. Haukupita muda benchi likajaa, mpaka wengine wanasubiri wamesimama, wanasemana, wanawacheka waume zao. Vidole akamwambia mama: "Leo baki nyumbani, upumzishe kichwa."

Mama akabaki. Akapita mtaani mwendo wa taratibu ili watu wamuulize habari za binti yake. Swali la vidonge lilimjia mdomoni zaidi ya mara moja, akalimeza. Furaha ilikuwa mgeni nyumbani mwao, akaogopa kuifukuza.

Mnaona kilichotokea, wasikilizaji wapendwa. Ule uso mnene walioukimbia ulikuwa uso wa mtu anayetibiwa. Ule mwembamba walioupongeza ulikuwa uso wa mtu aliyebaki bila dawa mbele ya ugonjwa wake. Watu walipiga vigelegele, na ini linaungua.

Mwili ukaanza kumwasha. Uchovu ukarudi. Akasema ni kazi nyingi, na kweli kazi ilikuwa nyingi. Siku hiyo alikuwa anamsuka muuza mitumba, wanazungumza habari za bei ya viatu. Muuza mitumba akainua macho kwenye kioo, akayaona macho ya msusi wake. Njano. Akainuka na nusu kichwa.

"Dada, bado upande huu."

"Nitarudi."

Hakurudi. Alijifunga kitambaa siku hizo zote, mpaka akapata wa kummalizia mtaa wa pili. Na benchi likaondoka naye.

Hospitali daktari aliuliza: "Vidonge uliacha lini?"

Vidole akajibu: "Nilipoanza kupendeza."

Wakamrudishia dawa. Safari hii ini halikuitika kama mwanzo. Lilikuwa limejaa makovu, na tumbo likaanza kujaa maji. Kaka yake, dereva wa lori, alifika na vumbi la safari. Ametuambia hivi: "Dada aliniambia, kaka, kuugua nilishazoea. Kile kiti kitupu ndicho kilichonishinda."

Saa ya kuona wagonjwa, vitanda vya jirani vilizungukwa na watu wanamenya machungwa, wanapokezana watoto. Kwa Vidole alikuwapo mama tu. Kaka alikuwa amesharudi barabarani.

"Mama, ungejua mwisho wangu, ungeniambia?"

"Ningekuambia."

"Basi hata wewe hujui."

"Sijui, mwanangu."

"Afadhali. Tuwe wawili."

Wiki hiyo hiyo akafariki, mchana, mama ameshika miguu yake.

Mazishini walikuja watu wengi kuliko waliowahi kuingia saluni. Waliimba, wakalia, wakamsifu. Mama akapitisha maji. Akaona wengine wanapokea kikombe, wanakishika kwa heshima, wanakiweka chini bila kunywa.

Kwa Mama Vidole, kwa kaka, na kwa wote waliowahi kuinamisha kichwa mbele ya mikono ile, tunasema poleni. Mungu awape subira. Sisi tuliobaki tutafakari: katika mtaa wetu, ni mlango gani tumeacha kuupita, na tulisikia nini kabla ya kuacha?

Mama ameandika mambo ya kuepuka. Nayasoma kama alivyoyaandika.

Usiache vidonge kwa sababu umejiona mzima. Daktari ndiye apunguze.

Usikose kupima damu, hata ukiwa na raha zako.

Pombe usiguse. Na dawa za kusafisha ini, hizo za kuambiwa njiani, usinywe.

Usimwambie mgonjwa amepona kwa kumtazama uso.

Usimtengee kikombe. Hauambukizi. Hauambukizi.

Usiinuke na nusu kichwa. Mwache amalize kazi yake.

Na wewe mama mwenzangu, usiache kumuuliza mwanao kama amemeza, kwa kuogopa kumuudhi. Muulize. Audhike.