Mwalimu Posing Hakuomba Ruhusa

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne tumempoteza Mwalimu Eufrocina Macatangay. Hapa kwetu Lemery tulimwita Mwalimu Posing. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha useremala na kazi za bati katika shule yetu. Narudia, miaka thelathini na minne, karakana ile ile, jiliwa lile lile la kubania kazi.

Alikuwa binti wa mfua visu. Kaka zake hawakuitaka nyundo, yeye aliitaka. Baba yake alimfukuza kiwandani mara mbili. Mara ya tatu alirudi na tupa yake mwenyewe, mzee akachoka kubishana.

Nami nilipita mikononi mwake. Kazi ya kwanza kwa kila mgeni ilikuwa kizoleo cha taka, kwa bati la debe la mafuta. Changu kilipinda mdomo kama mtu aliyeonja siki. Alikitazama sana.

"Mwanangu, hiki kinazoa taka au kinazitapika? Kunjua. Anza tena."

Nilianza tena mara nne.

Kazi ya pili ilikuwa kigoda. Ubao mmoja, miguu minne, bila msumari hata mmoja.

Mwaka 1983 aliwaingiza wasichana karakanani. Hakuomba ruhusa. Wasikilizaji, nisikieni vizuri: hakuomba ruhusa. Wasichana kumi na wawili waliacha sindano, wakashika randa. Miezi mitatu baadaye mwalimu mkuu akampa barua. Wasichana warudi kushona, la sivyo karakana ifungwe. Afisa wa elimu angekuja Ijumaa.

Ijumaa afisa akaja, mtu mwenye mwili mkubwa, anajifuta jasho. Akakuta viti vyote vimetolewa nje. Vilivyobaki ni vigoda kumi na viwili, kazi ya wasichana.

"Nikae wapi, Mwalimu?"

"Chagua, Bwana Mkubwa. Kikivunjika, funga karakana leo hii. Funguo hizo hapo."

Akaziweka mezani. Sisi tuliokuwa tunachungulia dirishani tulikauka.

"Posing, acha ukaidi," mwalimu mkuu akamnong'oneza.

"Nimezaliwa nao. Nitauacha leo?"

Afisa hakuwa mjinga. Alivitikisa kimoja kimoja, akachagua kibovu kuliko vyote. Kilikuwa cha Marivic Atienza, mtoto wa muuza samaki, miaka kumi na minne. Marivic akafumba macho. Afisa akakaa. Kigoda kikalia. Kikainamia kushoto. Kikatulia.

"Kinayumba," akasema afisa.

"Kinayumba," akajibu Mwalimu Posing, "lakini umekaa."

Afisa aliandika maneno machache kwenye daftari lake, akaondoka. Funguo aliziacha mezani. Tukadhani Mwalimu atashangilia. Akamgeukia Marivic.

"Mguu wa kushoto umeukata mfupi. Ile mitatu ipunguze. Lete msumeno."

Karakana haikufungwa. Wasichana hawakurudi kushona. Ila Mwalimu Posing hakupandishwa cheo hata mara moja, mpaka anastaafu. Alijua kwa nini, na hakulalamika.

Marivic leo ana karakana yake ya kuchomelea vyuma. Juzi aliniambia kwa simu, "Watu huniuliza nani aliniruhusu kazi hii. Nawaambia hakuna. Mwalimu wangu hakuuliza, na mimi sikuuliza."

Na siku zake za mwisho hospitalini je? Mpwa wake, Ligaya, aliyemuuguza, anasema meza ya kitandani ilikuwa inalegea. "Shangazi akanituma bisibisi. Nesi akamwambia, 'Bibi, pumzika.' Akajibu, 'Nitapumzika, imebaki skrubu moja.' Akaikaza kweli. Siku ya tatu akatutoka."

Ligaya, na ukoo wote wa Macatangay, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tuliowahi kukunjua bati letu na kuanza upya. Mungu amlaze pema.

Nanyi wazazi mnaonisikia mkinywa kahawa yenu, litafakarini jambo moja leo. Binti yako akiokota nyundo, usimnyang'anye. Mwache agonge. Akijigonga kidole, mfunge kitambaa, kisha mrudishie nyundo yake.