Kaka Yetu, Dereva wa Bibi

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliovaa sare ya zimamoto, familia imenituma mimi, mdogo wake ninayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya kaka yetu, naye mwenyewe aliniachia agizo kwamba nisimpambe, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa watoto sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha shule ya ufundi hadi 1974, ambako alifaulu umakanika na kufeli karibu kila kitu kingine, jambo ambalo baba alilisema mezani kwa miaka mingi.

Baada ya miaka miwili kwenye gereji, tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kikosi cha zimamoto, kituo kikuu, kwanza kama mwosha magari, na mwaka 1981 akakabidhiwa usukani wa gari lililotengenezwa kabla yeye hajazaliwa, lenye kengele ya kuvuta kwa kamba na injini ya kuwashwa kwa hendeli, ambalo wenzake waliliita Bibi, naye akalipenda kupita kiasi, akawa anajua kwa mlio tu kama limeamka vizuri au limeamka na hasira.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za kituo, ambaye ndiye shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, na ambaye amekuwa akisema kwamba aliolewa akiwa mke wa pili, wa kwanza akiwa Bibi, wakajaliwa watoto watatu, binti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1996 yalikuja magari mapya mawili, yenye vioo vya kuonyesha namba na pampu ya kuwashwa kwa kitufe, naye akayasusia, akisema gari linalomwambia dereva la kufanya halina adabu, na hapo ndipo ninapofika mahali ambapo yeye mwenyewe alitaka nisome polepole.

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, saa nane mchana, ghala la magodoro la ghorofa mbili lilishika moto, gari moja jipya likiwa limetoka kwa kazi nyingine, la pili likiwa limesimama tayari, ufunguo ndani, lakini kaka akapanda Bibi, na mkuu wa zamu alipomuuliza kwa nini, akajibu, "Huyu namjua." Walipofika, mwenzake tuliyemzoea kwa jina la Kimya alipanda juu na mpira wa maji kumfuata mtunza ghala aliyekuwa akipiga kelele dirishani, na maji yakaenda vizuri kwa dakika sita, kisha bomba dogo la mafuta likapasuka, injini ikakohoa mara mbili, ikazima, na mpira uliokuwa umejaa na kukakamaa ukalegea chini kwenye lami mbele ya macho ya kaka.

Alizungusha hendeli mara tatu, haikushika, akasikia juu sauti ya Kimya, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kupiga kelele, ikisema, "Maji! Maji jamani!", akaacha hendeli, akajimwagia ndoo, akaingia akifuata ule mpira mtupu kwa mikono kwa sababu moshi haukumwachia kuona hata viganja vyake, akawakuta wote wawili chini karibu na ngazi, akamtoa mtunza ghala, akarudi, akamtoa Kimya, ambaye aliishi, lakini alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Mkuu wake alitaka kumsitiri, akamwambia, "Andika bomba lilipasuka, yaishe," naye akajibu, "Bomba lilipasuka, sawa mkuu, lakini nani alilipeleka pale?", akaandika kwa mkono wake kwamba gari jipya lisilo na hitilafu lilikuwepo kituoni, akaliacha kwa mapenzi yake, na kosa ni lake, akavuliwa usukani miezi sita.

Kwa siku kumi na moja alikwenda hospitali kila mchana, akaishia getini, asithubutu kuingia wodini, hadi siku ya kumi na mbili mke wa Kimya alipotoka na kumwambia, "Shemeji, umeajiriwa ulinzi hapa? Ingia, anakuulizia," na alipoingia, Kimya akamwambia, "Nimechoka kuulizwa na manesi yule mtu wa getini ni nani," na kaka akalia mbele ya wodi nzima.

Aliporudishiwa usukani aliomba mwenyewe kufundishwa magari mapya, akakaa darasani akiwa na miaka arobaini na moja pamoja na vijana waliomcheka, akajaza madaftari manne, akawa mkufunzi wa madereva, na kuanzia hapo hakuna pampu iliyoanza zamu kituoni bila kutoa maji kwanza, hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2017.

Mwaka 2021 alianza kukohoa, madaktari wakakuta mapafu yana makovu ya moshi wa miaka mingi, akalazwa mara tano, na Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa tisa na robo alasiri, akiwa na mkewe na binti yake mkubwa, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa ameishi miaka 67, miezi kumi na siku kumi na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotupokelea wageni wetu majumbani mwao, Kimya na familia yake, na wanazimamoto wote, pamoja na wale ambao hamwaoni hapa, kwa sababu marehemu alikataza zamu ya leo kuacha magari ili kuja kumzika, na akasema king'ora kikilia tukiwa kaburini, wenye sare waondoke mara moja, na yeyote asidhani kwamba wamemdharau.

Kaka, kazi umeimaliza, sasa pumua vizuri, upumzike kwa amani.