Usimuulize Mama Kama Ameelewa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Daktari wa Wilaya, Mkuu wa Chuo, Baba Paroko, walimu, wazazi mliotoka Kimuli, Isingiro na kwingineko, na ninyi wahitimu wetu: wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu.

Mimi ni Edvina Rugemalira, muuguzi mfawidhi wa zahanati ya Rwenkende, njia ya Kaisho. Nimeombwa niwapongeze vijana hawa, nami najivunia kweli. Waliingia hapa mara tu baada ya vita, nchi ikiwa haina sabuni wala mafuta ya taa, na leo wamesimama mbele yetu wauguzi kamili. Nani asingejivuna? Lakini mkinialika mimi, mmeualika na ulimi wangu.

Deodatha alihitimu hapa mwaka juzi, akapangwa kwangu. Alikuja kichwa kimejaa, kila ukurasa anao. Siku chache baadaye akaingia Mukantabana, mama wa wafugaji, na mtoto anayeharisha. Deodatha akampa pakiti ya dawa ya chumvichumvi, akamweleza achanganye na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akauliza kama mlivyomfundisha: "Mama, umeelewa?" Mama akajibu kwa lugha yao, "Yego," yaani ndiyo.

Ndugu zangu, nani wa huku asiyeijua hiyo ndiyo? Kwetu mwenye sare nyeupe hajibiwi hapana. Ni utovu wa adabu. Deodatha angemuuliza kama yeye ni askofu, Mukantabana angesema yego.

Kesho yake mtoto alirudishwa hoi, midomo imekauka, analia bila machozi. Niliogopa, sitawaficha. Tulipomtundikia dripu akaanza kutulia, nikamwona Deodatha anamgeukia mama, nikajua sasa anamgombeza. Hakumgombeza. Alimpa pakiti nyingine, akasema, "Mama, nionyeshe ulivyofanya." Mukantabana akachukua kikombe cha chai, akamimina pakiti yote humo: chumvi ya lita nzima ndani ya kikombe kimoja.

"Hamna chombo kikubwa nyumbani?" Deodatha akauliza.

Akajibu bibi wa mtoto, Nyirabageni: "Vipo, mwanangu, lakini ni vya maziwa. Chombo cha maziwa hakitiwi maji ya chumvi. Kikitiwa, ng'ombe hukauka maziwa. Mtoto huyu tutamnywesha nini?"

Mnasikia? Bibi yule alikuwa akimlinda mjukuu wake, kwa akili yake yote. Deodatha akaenda kwa jirani, akaazima chupa mbili za bia, akaziosha, akawaonyesha: hizi mbili zikijaa, ndiyo lita yenyewe. Baba Paroko asishtuke. Hata kwa walokole chupa za bia zipo, wanawekea mafuta ya taa. Mtoto akapona. Siku hizi anafukuza ndama, na mama yake anawafundisha majirani kupima.

Nilimuuliza Deodatha alijifunza wapi lile neno, nionyeshe. Akanieleza habari za mwezi aliokaa Kimuli, enzi chuo kilipokuwa kikiwapeleka wanafunzi kuishi na wakulima. Mama mwenyeji wake hakumweleza jinsi ya kumenya ndizi. Alimpa kisu, akasema, "Hebu nionyeshe," kisha akamsahihisha mkono.

Mheshimiwa, mwezi huo umefutwa. Wahitimu hawa mnaowaona hawakuupata, kwa sababu, tunaambiwa, gari halina petroli. Wanajua dawa, wanajua sindano, na mitihani wamefaulu vizuri kuliko sisi wa zamani. Lakini Jumatatu watakutana na kina Mukantabana, nao wataambiwa yego. Je, ni haki mtoto wa mtu awe ndiye kitabu chao cha kwanza?

Wahitimu, msiudhike na maneno yangu. Mzazi hamsemi mtoto asiyemtegemea. Nendeni, na mama asitoke zahanati kabla mikono yake haijawaonyesha alichosikia.

Nawe Mkuu wa Chuo, sikuja mikono mitupu. Juzi wazee wa Rwenkende waliketi wakakubaliana. Kama ni petroli, msihangaike. Mtuambie siku tu. Tutakuja hapa kwa miguu kuwachukua wanafunzi, mizigo yao tutajitwika wenyewe, na kila mmoja ameshapangiwa nyumba ya kulala kwetu Rwenkende.

Tunangoja siku hiyo. Nawashukuru wote mlionivumilia na kunisikiliza.