Jina ya mu Kitabu ya Boloko

Ba ndugu, minasimama mbele yenu hapa mu kanisa kwa kutubu. Sitataja jina ya muntu hata mumoja, juu jina njo ilileta mambo yote.

Nilikuwa kijana hapa Kamina, mupakuzi wa mizigo ku gare ya treni. Siku moja nikaiba kitambaa mu wagon. Bakanishika. Miezi mine mu boloko, gereza yao, na fimbo juu yake. Jina yangu ya nkambo, ile ya babu yetu, ikaandikwa mu kitabu yao.

Nilipotoka, nikakimbilia Mulongo kwa bamama ba misioni. Kule nikasoma, nikabatizwa, nikapewa jina mupya. Nikaenda ku biro ya serikali, nikasema buku yangu ya kitambulisho ililiwa na muchwa. Bakanipa ingine, na jina ya ubatizo peke yake. Ndugu zangu, nawaambia kweli: muchwa haikukula kitu. Niliichoma mwenyewe.

Kisha bazungu bakajenga kambi kubwa ya ndege hapa kwetu, na minyi nikarudi. Kwa kupata kazi mu nyumba yao ya radio, walikuwa wanachunguza kwanza maisha yako yote. Muzungu mumoja akaniuliza: "Ulishafungwaka?" Nikasema: "Hapana, Bwana." Mu roho nikajidanganya: ule wa boloko alikufa mu maji ya ubatizo. Bakanipa karte ya kupita. Nikanunua viatu. Munakumbuka namna nilikuwa naimba hapa, sauti juu kupita bote! Haya inanila mpaka leo.

Sasa, mutoto wa baba mudogo yangu, sisi bawili tulipewa jina moja ya nkambo. Yeye, hata yai ya muntu hakuiba. Akaomba kulinda stoo ya ndege. Bakafungua kitabu ya boloko: jina iko. Bakamufukuza ku geti mbele ya bantu, banamuita mwivi.

Akakuja kwangu na karatasi. "Yaya, mukubwa wangu, weye unajua Kifaransa. Uniandikie barua ku bakubwa ba kambi."

"Niandike nini?"

"Andika: mwivi hapana minyi."

Nikaandika.

"Sasa andika mwivi ni nani."

Kalamu ikasimama. "Minyi sijui," nikasema. Ndiyo, ba ndugu, hata pale nilikatala!

Akaangalia chini. "Yaya, minyi najua. Tangu zamani najua. Lakini mu kinywa yangu haitatoka. Weye njo utaandika."

Nikalia sawa mutoto. Nikaandika.

Kesho yake nikapeleka barua mwenyewe. Mukubwa wa kazi akasoma, akasema: "Kitambaa ya miaka mingi, tungeweza kusamehe. Uwongo, hapana. Mwenye kuficha kitu, muntu mwingine akiijua, anaweza kumutisha na ile na kumutumikisha." Akachukua karte yangu.

Asante kwa bibi yangu wa ndoa, aliyenipokea bila matusi, akanipa jembe. Asante kwa nyinyi, hamukunitoa mu benchi yenu. Na asante kwa ule mudogo yangu, aliyenichungia haya yangu kuliko minyi mwenyewe. Ba ndugu, wakikuuliza, sema. Ubatizo inaosha zambi, haioshi kitabu ya boloko, na hautaoshwa kwa kumuachia mwenzako uchafu yako.

Kila asubuhi minapita na jembe karibu na geti ya kambi. Mudogo yangu anafika ku kazi yake ya stoo, juu ya kinga, baisikeli yake. Mulinzi anasoma karte kwa sauti, anafungua. Minasimama kidogo ku barabara, nasikia banaita ile jina ya nkambo kwa heshima. Njo jina yangu.